Ramani za Usiku: Orodha Zilizowahifadhi Watu na Kuwaweka Hatarini



Ramani unazozifahamu zaidi ni zile zinazotundikwa ukutani darasani. Hukuonyesha mito, maziwa, milima na mipaka, na mara nyingi huchapishwa na serikali. Leo ninakualika tuzitazame ramani za aina nyingine, ambazo serikali haikuzitaka: michoro na vijitabu vilivyoorodhesha baa, kumbi za muziki na mikahawa ya miji ya Marekani ambako wapenzi wa jinsia moja waliweza kukutana usiku bila kufukuzwa. Karatasi hizo zilikuwa ndogo, nyingine zikitosha kwenye mfuko wa shati. Hata hivyo, zimebeba somo kubwa la uraia: nani anaruhusiwa kuketi wapi, kwa idhini ya nani, na kwa gharama gani.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu msamiati. Katika mwambao, mwanamke humwita rafiki yake wa kike "shoga", na hapo hapana maana nyingine isipokuwa urafiki. Neno hilohilo likielekezwa kwa mwanamume, mara nyingi hubeba kejeli. Mwandishi wa historia hapaswi kuanza kwa kuwatukana watu anaotaka kuwaeleza. Kwa hiyo nitatumia maneno "wapenzi wa jinsia moja", nawe mwanafunzi jizoeze kupima uzito wa neno kabla ya kuliandika.

Harlem, 1932

Tuanze Harlem, kitongoji cha Wamarekani Weusi kilichoko kaskazini mwa Manhattan, jijini New York. Mwaka 1932 mchoraji E. Simms Campbell, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa St. Louis mwaka 1906, alichora ramani ya klabu za usiku za kitongoji hicho, nayo ikachapishwa katika jarida moja la jiji hilo mnamo Januari 1933. Usitafute ndani yake vipimo sahihi. Campbell alizipinda barabara apendavyo, akazijaza wacheza dansi, wanamuziki, walevi na askari polisi. Utaiona Cotton Club, ambako wasanii walikuwa Weusi na wateja wakawa Wazungu. Utauona ukumbi wa Savoy, ambako watu wa rangi zote walicheza dansi katika sakafu moja. Mchoraji anatania kwamba ameacha kuonyesha baa za siri kwa sababu zipo takriban 500, na mgeni hatapata tabu kuzipata.

Katika Mtaa wa 133 Campbell alimchora mwanamke mnene aliyeketi kwenye piano, amevaa suti ya kiume ya jioni na kofia ndefu nyeusi. Huyo ni Gladys Bentley, mwimbaji aliyezaliwa mwaka 1907. Bentley aliimba nyimbo zilizojulikana huku akizibadilisha maneno kwa mzaha mkali, na hakuficha kwamba aliwapenda wanawake. Klabu alikoimba ilijulikana kwa jina lake, na watu wa tabaka na rangi mbalimbali walikwenda kumsikiliza. Campbell hakumtenga wala hakumwekea alama ya onyo. Alimchora kama alivyowachora wengine, mahali pake, mtaani mwake.

Je, ilikuwaje jambo hilo likawezekana mwaka 1932, na miaka ishirini baadaye likawa hatari? Jibu limo katika sheria, na ndiyo sababu tunalijadili katika somo la uraia. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1933 katiba ya Marekani ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza vileo. Baa zote zikawa haramu, na wauzaji wote wakawa wavunja sheria. Mahali ambapo kila kitu kilikuwa cha siri, mwenye baa hakuwa na sababu ya kumkagua mteja tabia zake. Mwanasheria, mshona viatu, mwanamke aliyevaa suti na kijana aliyejipaka poda waliketi katika chumba kimoja chenye moshi. Marufuku iliyokusudiwa kuyatakasa maadili ya taifa iliwakusanya pamoja watu ambao mchana wasingesalimiana.

Leseni ikawa silaha

Mnamo Desemba 1933 marufuku hiyo iliondolewa. Huenda ukadhani kwamba uhuru uliongezeka. Kwa wengi uliongezeka, lakini kwa wapenzi wa jinsia moja mlango ulianza kufungwa. Jimbo la New York liliunda mamlaka ya kusimamia vileo, na kila baa ikalazimika kuwa na leseni. Sheria ilimkataza mwenye leseni kuruhusu "fujo" mahali pake pa biashara. Neno hilo halikufafanuliwa vizuri, na wasimamizi wakalitafsiri kwa namna yao: kwao, kuwapo tu kwa wapenzi wa jinsia moja kulitosha kuitwa fujo. Mteja hakuhitaji kupigana wala kutukana. Ilitosha awe alivyo.

Mwanahistoria George Chauncey, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu New York, ameeleza kwa kina jinsi mabadiliko hayo yalivyowasukuma watu hao gizani. Hapa tunajifunza kanuni moja: si lazima dola imkamate mtu ili kumnyima haki. Yatosha kumtishia mwenye duka. Mwenye baa aliyeogopa kupoteza leseni akawa askari asiyelipwa, akiwafukuza wateja mwenyewe kabla polisi hawajafika. Wengine walimwachia biashara mtu asiyeogopa sheria, yaani makundi ya wahalifu, ambayo yaliwahonga polisi na kuwauzia wateja pombe mbaya kwa bei ya juu.

Miaka ya 1950 ilizidisha ukali. Tarehe 27 Aprili 1953 Rais Dwight Eisenhower alitia saini amri namba 10450, iliyotumiwa kuwaondoa wapenzi wa jinsia moja katika utumishi wa serikali kuu, kwa madai kwamba ni rahisi kutishwa na kutoa siri. Mmoja wa walioachishwa kazi alikuwa Frank Kameny, mtaalamu wa elimu ya nyota. Tazama kinaya cha jambo hili: Kameny alikuwa mtumishi wa idara ya ramani ya jeshi. Taifa lililohitaji ramani sahihi za dunia lilimfukuza mwaka 1957 mtu aliyejua kupima nyota, kwa sababu ya maisha yake ya faragha. Kameny alipeleka malalamiko yake hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1961 ilikataa kuisikiliza kesi yake. Hakukata tamaa, aliendelea kudai haki hadi mwaka 2009, serikali ilipomwomba radhi rasmi, akiwa mzee wa miaka 84.

Gladys Bentley naye hakuokoka na kipindi hicho. Alikuwa amehamia California, na mwaka 1952 jarida la Ebony lilichapisha makala kwa jina lake, yakieleza kwamba amerejea katika uanamke na kuyaacha maisha ya zamani. Linganisha picha mbili: mwanamke wa ramani ya Campbell, kofia kichwani na vidole juu ya piano, na mwanamke yuleyule miaka ishirini baadaye, akijieleza mbele ya taifa zima kana kwamba yuko kizimbani.

Kutoka mlango wa baa hadi mlango wa mahakama

Mjini San Francisco palikuwapo baa iliyoitwa Black Cat. Mwenye baa hiyo, Sol Stoumen, alinyang'anywa leseni kwa sababu wateja wake wengi walikuwa wapenzi wa jinsia moja. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1951 Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba kuwapo kwao peke yake si kosa. Lazima ithibitishwe kwamba tendo lililokatazwa na sheria limetendeka mahali hapo. Bunge la jimbo hilo halikufurahi. Mwaka 1955 lilitunga sheria mpya iliyoruhusu leseni ifutwe ikiwa baa ni kituo cha watu hao, na mwaka 1959 mahakama hiyohiyo ikaibatilisha sheria hiyo kuwa ni kinyume cha katiba. Unaona mvutano? Bunge linafunga, mahakama inafungua. Hii ndiyo maana ya kugawanya madaraka, jambo tunalolikariri mara nyingi bila kuona linavyofanya kazi.

Katika baa hiyo aliimba mhudumu José Sarria, ambaye mwaka 1961 aligombea nafasi katika baraza la jiji. Hakuchaguliwa, lakini alipata kura zaidi ya 5,000. Wanasiasa wakang'amua kwamba watu waliokuwa wakifukuzwa kutoka baa moja hadi nyingine walikuwa pia wapiga kura. Black Cat yenyewe haikusalimika. Pamoja na ushindi wa mahakamani, ilichoshwa na misako na gharama za kesi, ikafungwa mwanzoni mwa mwaka 1964.

Ninyi mnaosoma Kenya, Uganda na Tanzania mnapaswa kujua kwamba mizizi ya sheria hizi inawahusu. Makoloni ya Uingereza huko Marekani yalirithi sheria ya Kiingereza iliyotungwa mwaka 1533, enzi ya Mfalme Henry wa Nane. Sheria hiyohiyo, kwa kupitia kanuni za adhabu za kikoloni, ilifika pia Afrika Mashariki. Hadi mwaka 1960 majimbo yote ya Marekani yalikuwa nayo kwa namna moja au nyingine. Illinois lilikuwa la kwanza kuiondoa, mwaka 1961, na katika majimbo ya mwisho iliondolewa na Mahakama ya Juu mwaka 2003.

Kijitabu cha mfukoni

Wahenga walisema, msafiri kafiri. Mtu aliye ugenini hana ndugu wa kumwelekeza njia, na akikosea mlango hana wa kumtetea. Wamarekani Weusi walilijua hilo mapema. Mwaka 1936 Victor Hugo Green, mfanyakazi wa posta aliyeishi Harlem, alianza kuchapisha kijitabu kilichoorodhesha hoteli, mikahawa, vituo vya mafuta na nyumba za kulala zilizowapokea wasafiri Weusi katika nchi ya ubaguzi. Kiliendelea kutolewa hadi miaka ya 1960, wakati sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 ilipokataza ubaguzi katika hoteli na mikahawa. Orodha ya aina hii ni ushahidi wa mambo mawili kwa wakati mmoja: ukarimu wa walioandikwa ndani yake, na ukatili wa wote walioachwa nje.

Wapenzi wa jinsia moja nao walihitaji kijitabu chao, ila kwao hata kuchapisha kulikuwa na hatari. Sheria ya mwaka 1873 ilikataza kutuma kwa posta chochote kilichohesabiwa kuwa kichafu. Mwaka 1954 posta ya Los Angeles ilizuia toleo la jarida la ONE, lililoandikwa na wapenzi wa jinsia moja kuhusu maisha na haki zao. Wachapishaji walishtaki, wakashindwa mara mbili, lakini mnamo Januari 1958 Mahakama ya Juu ya taifa iliwapa ushindi. Tangu hapo kuandika juu ya jambo hili hakukuwa tena uchafu kwa sababu ya jambo lenyewe, na njia ya vijitabu ikafunguka.

Bob Damron, mwenye baa wa San Francisco, alikuwa na mazoea ya kuandika anwani za baa alizozitembelea akiwa safarini, na marafiki walimwomba awape. Mwaka 1964 alizichapisha katika kijitabu kidogo, toleo la mwaka 1965. Kilipangwa kwa majimbo na miji, kila baa ikiwa na jina, mtaa na alama fupi za herufi. Nyota ilimaanisha mahali penye wateja wengi. Herufi B ilionyesha kwamba watu Weusi walikwenda hapo. Na baadaye yaliongezwa maonyo kwamba ukienda mahali fulani, unakwenda kwa hatari yako mwenyewe. Aliyekuwa na ufunguo wa alama hizo alisoma hali ya mji mzima katika mistari michache. Kijana wa mji mdogo aliyedhani yuko peke yake duniani alikifungua, akakuta kwamba hata katika jimbo lake pana mlango mmoja.

Usisahau upande wa pili. Anwani inayomwongoza rafiki humwongoza adui pia. Polisi waliovaa kiraia waliingia katika baa kama wateja, wakaanzisha mazungumzo, kisha wakakamata. Baada ya misako, magazeti ya miji mingi yalichapisha majina ya waliokamatwa, na mtu aliweza kupoteza kazi, nyumba na familia kabla hakimu hajasema neno. Kijitabu kilichosahauliwa mfukoni kingeweza kumsaliti mwenyewe. Ndiyo maana hakikuhitaji maelezo marefu: kadiri kilivyosema machache, ndivyo kilivyokuwa salama zaidi.

Kikombe kilichofunikwa kwa kiganja

Tarehe 21 Aprili 1966 wanachama wa chama cha Mattachine, wakiongozwa na Dick Leitsch, walizunguka baa za New York pamoja na waandishi wa habari. Kila walipoingia walijitambulisha kuwa wapenzi wa jinsia moja, wakasema watakaa kwa utulivu, wakaomba kinywaji. Walikuwa wameiga mbinu ya vijana Weusi waliokaa katika mikahawa ya Wazungu Kusini mwa nchi wakisubiri kuhudumiwa. Katika baa ya Julius', mhudumu alifunika glasi kwa kiganja chake, na mpigapicha akainasa picha hiyo. Mkono ule mmoja ulifafanua sheria nzima kuliko kitabu chochote. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya jimbo jirani la New Jersey iliamua kwamba baa haiwezi kuadhibiwa kwa sababu tu ya kuwahudumia watu hao.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969 polisi waliivamia baa ya Stonewall Inn, si mbali na Julius'. Ilikuwa mali ya wahalifu, haikuwa na leseni ya vileo, na vinywaji vyake vilikuwa vibaya. Hata hivyo, ndiyo waliyokuwa nayo. Safari hii wateja na wapita njia hawakutawanyika. Walipambana na polisi usiku huo na siku zilizofuata. Mwaka 2016 Rais Barack Obama alilitangaza eneo hilo kuwa mnara wa kumbukumbu ya taifa. Hivyo anwani iliyokuwa ikinong'onwa ikaingia katika ramani za serikali.

Lakini hata orodha za walioonewa zina milango iliyofungwa. Katika miaka ya 1970 baa kadhaa za wapenzi wa jinsia moja ziliwadai wateja Weusi vitambulisho viwili au vitatu mlangoni, huku Wazungu wakipita bila kuulizwa. Herufi ndogo katika kijitabu haikuweza kueleza aibu hiyo. Ndiyo sababu mwaka 1973 Jewel Thais-Williams, mwanamke Mweusi wa Los Angeles, alifungua klabu ya Catch One, iliyowapokea watu waliokataliwa kwingine kwa zaidi ya miaka arobaini. Aliyeonewa anaweza kumwonea mwenzake. Historia haimpi mtu cheti cha utu kwa sababu ya mateso yake.

Majina yaliyofutika

Ukilinganisha matoleo ya mwaka mmoja na mwaka unaofuata, utaona majina yakitoweka. Mengine yalitoweka kwa sababu ya kodi ya pango, mengine kwa msiba. Tarehe 24 Juni 1973 baa ya UpStairs Lounge mjini New Orleans ilichomwa moto, na watu 32 wakafa. Hakuna aliyehukumiwa kwa kosa hilo, na baadhi ya miili ilizikwa bila kutambuliwa. Kisha, kuanzia mwaka 1981, UKIMWI uliwaua maelfu ya watu waliokuwa wakikutana katika kumbi hizo. Baa nyingi zilizobaki ziligeuka mahali pa kuchangisha fedha za matibabu na mazishi. Baadaye intaneti na simu zilimwezesha mtu kumpata mwenzake bila kijitabu wala baa.

Leo vijitabu hivyo vimehamia maktabani. Ramani halisi ya Campbell inatunzwa katika Chuo Kikuu cha Yale. Watafiti wameziingiza anwani za vijitabu vya Damron katika kompyuta, kuanzia toleo la mwaka 1965, na kuzionyesha kwenye ramani ya Marekani nzima. Karatasi iliyofichwa ili isimsaliti mtu sasa ndiyo shahidi kwamba watu hao walikuwapo, si New York na San Francisco pekee, bali hata katika miji midogo ambayo historia rasmi haikuwahi kuwataja.

Ndugu mwanafunzi, sheria za nchi zetu kuhusu jambo hili hazifanani, na wasomaji wa ukurasa huu hawana maoni mamoja. Sikuombi uache kufikiri kama ulivyolelewa. Nakuomba uyapeleke darasani maswali matatu, uyajibu kwa Kiswahili fasaha na kwa hoja. Kwanza, je, mtu aadhibiwe kwa tendo lililothibitishwa, au kwa kuwa miongoni mwa watu fulani tu? Pili, sheria inapotumia neno lisilofafanuliwa, kama "fujo", nani hulipa gharama ya utata huo? Tatu, katika mji wako ni akina nani wanaohitaji orodha ya siri ili wajue mlango wa kubisha: mkimbizi, mgonjwa, mtu wa dini au kabila dogo? Ukishampata huyo, umeanza kusoma ramani ambayo haijatundikwa ukutani.